Richard Holmes, brigedia aliyewasikiliza askari wa chini: somo kutoka Johannesburg kwa familia zetu

JOHANNESBURG – Karibu kila familia yetu iliyotoka pwani ikaja Ghuba ina mzee aliyewahi kuvaa gwanda. Mmoja alikuwa Keya, akapelekwa Burma kupigana na Mjapani. Mwengine alikuwa polisi Unguja au Mombasa. Mwengine alirudi Oman baada ya 1970, akaingia jeshini, akaiona Dhofari kwa macho yake. Wazee hawa wanatuondoka mmoja mmoja, na kila anayeondoka anatuachia picha ukutani na sentensi moja: "Babu alikuwa askari." Ukiuliza alikuwa wapi, mwaka gani, alikula nini, aliogopa nini, watu wanatazamana.

Nimekuwa Johannesburg wiki tatu hizi kwa shughuli za kazi. Nimepanga Mayfair, mtaa ambao ukitoka msikitini unakutana na Msomali, Mhindi, Mhabeshi na Mswahili kabla hujafika kona. Katika duka moja la vitabu vya mitumba nimenunua kitabu kinene kiitwacho Tommy, cha Mwingereza anayeitwa Richard Holmes. "Tommy" ni jina la utani la askari wa kawaida wa Kiingereza. Nilikinunua kwa sababu kilikuwa rahisi, nikakimaliza kwa sababu kilinishika. Tangu hapo nimekuwa nikimfuatilia mtu huyu, na nimeona wasomaji wetu wana haki ya kumjua, japo alikuwa Mwingereza na aliandika zaidi habari za Waingereza.

Kwa nini? Kwa sababu kazi aliyoifanya kwa watu wake, sisi hatujaifanya kwa watu wetu.

Mwalimu, askari, mtangazaji

Richard Holmes alizaliwa Machi 1946. Alisoma Cambridge, akenda Marekani katika chuo cha Northern Illinois, kisha akachukua udaktari chuo kikuu cha Reading. Mwaka 1969 akaajiriwa kufundisha historia ya vita Sandhurst, kile chuo cha maofisa ambacho jina lake halihitaji maelezo kwetu. Marehemu Sultani Qaboos alipita pale kabla ya Holmes kuanza kazi. Sheikh Mohamed bin Zayed alihitimu 1979, wakati Holmes ni miongoni mwa walimu wa chuo. Alikaa Sandhurst mpaka 1985.

Lakini hakuwa mwalimu wa ubaoni tu. Tangu ujana wake alijiunga na jeshi la akiba, wale wanaofanya kazi zao wiki nzima na mwisho wa wiki wanavaa gwanda. Alianza chini kabisa, kuruta wa kawaida, akapanda cheo kwa cheo. Mwaka 1986 mpaka 1988 aliongoza kikosi kizima cha askari wa miguu wa Wessex. Mwishowe akawa brigedia, na alipostaafu jeshi mwaka 2000 hakuna askari wa akiba Uingereza aliyekuwa na cheo kikubwa kuliko chake. Upande wa masomo, mwaka 1995 alipewa uprofesa chuo kikuu cha Cranfield.

Basi mtu huyu alipokuwa anaandika kuhusu askari aliyelala kwenye matope, alikuwa anajua matope ni kitu gani. Hakupigana vita vikubwa mwenyewe, na hakujidai kuwa alipigana. Ila alijua uzito wa begi mgongoni, alijua namna watu waliochoka wanavyokasirikiana kwa jambo dogo, na alijua ofisa anavyoficha woga wake mbele ya vijana.

Kitabu chake cha 1985, Firing Line, kinauliza swali moja tu: mwanaadamu anafanya nini risasi zikianza kulia? Si majemadari wanafanya nini, wala ramani inasema nini, bali yule kijana wa miaka kumi na tisa. Mwaka huohuo alitoa kitabu kingine pamoja na John Keegan, mwanahistoria mwengine mkubwa ambaye naye alifundisha Sandhurst.

Kisha ikaja televisheni. Mwaka 1996 BBC ilianza kuonyesha vipindi vyake vinavyoitwa War Walks, yaani matembezi ya vita. Holmes alikuwa na masharubu yake na sauti ya mwalimu asiyechoka, na mara nyengine alikuwa juu ya farasi. Alikwenda mahali vita vilipopiganwa na kusimama pale pale. Alikwenda Agincourt, ambako Waingereza na Wafaransa walipigana 1415. Alikwenda Hastings ya 1066. Alikwenda Somme. Mtazamaji alionyeshwa kilima, tope, umbali kutoka kichaka hiki mpaka ukuta ule, kisha akaelezwa nani alikimbia umbali huo na nini kilimpata. Watu waliokuwa hawajawahi kufungua kitabu cha historia walikaa mbele ya televisheni na chai yao.

Baada ya hapo alitengeneza vipindi juu ya vita vya Ufaransa vya 1914 mpaka 1918, juu ya Wellington, juu ya vita vya Marekani kujitenga na Uingereza, na mwaka 2005 juu ya Winston Churchill. Vitabu havikusita: Redcoat mwaka 2001, Tommy 2004, Sahib juu ya askari wa Kiingereza kule India 2005. Alifariki Aprili 2011, umri wake miaka 65, na kitabu chake cha Soldiers kikatoka baada ya yeye kuondoka.

Anaingiaje Johannesburg?

Mapema, mwaka 1981, Holmes alichapisha wasifu wa Sir John French, jemadari mfupi mwenye hasira aliyekuja kuongoza jeshi la Uingereza Ufaransa mwaka 1914. Na French jina lake alilijenga hapa Afrika Kusini, katika vita vya Waingereza na Makaburu vya 1899 mpaka 1902. Huwezi kumwandika French bila kuijua ardhi hii.

Ukiangalia, vita vile vilikuwa kwa kiasi kikubwa ugomvi juu ya mji huu. Dhahabu ilianza kuchimbwa Witwatersrand mwaka 1886, na penye dhahabu watu hukusanyika. Wageni, wengi wao Waingereza, walijaa Johannesburg, mji ukiwa chini ya serikali ya Kikaburu ya Paul Kruger. Vita vilipoanza Oktoba 1899, tarehe 21 ya mwezi huohuo pakawa na mapigano Elandslaagte, Natal, na French ndiye aliyeongoza upande wa Waingereza. Upande wa Makaburu walikuwapo wapiganaji waliotoka Johannesburg. Upande wa Waingereza kilikuwapo kikosi cha wapanda farasi kilichoundwa na wageni waliokimbia Johannesburg hiyohiyo. Yaani watu waliokuwa wakipishana barabara moja walikwenda kuuana kwenye kilima cha mbali.

Mwezi Mei 1900 vita vikafika hapa. Tarehe 29 French na jemadari mwengine, Ian Hamilton, walipambana na Makaburu Doornkop, magharibi ya mji. Doornkop leo ni sehemu ya Soweto. Nilikwenda na kijana mmoja dereva, mzaliwa wa hapo, nikitaka kufanya kama Holmes: kusimama na kutazama. Kuna nyumba nyingi ndogo, maduka ya vocha, watoto wanacheza mpira. Lakini mgongo wa kilima upo, na mteremko upo. Siku ile nyasi zilikuwa zimeungua, na gwanda za rangi ya vumbi zilionekana kirahisi juu ya majivu meusi. Waskochi wa kikosi cha Gordon walipanda mteremko huo kwa miguu huku wanapigwa risasi kutoka juu. Kwenye karatasi ni mstari mmoja: "Gordon walisonga mbele." Ukisimama pale chini ukaona hakuna pa kujificha, unaelewa mstari ule ulikuwa na bei gani.

Dereva wangu alinisikiliza, akauliza: "Na watu weusi walikuwa wapi siku hiyo?" Swali hilo tutalirudia, maana ndilo lenyewe.

Churchill kwenye baiskeli

Kabla ya hapo niruhusuni kisa kimoja, kwa sababu Holmes alimfuata Churchill kwa kitabu na kwa vipindi, na vijana wetu wanamjua Churchill kama mzee mnene mwenye sigara. Mwaka 1899 alikuwa kijana wa miaka ishirini na nne, mwandishi wa gazeti. Tarehe 15 Novemba garimoshi la chuma alilokuwamo lilivamiwa Natal, akashikwa, akafungwa katika jengo la skuli mjini Pretoria. Tarehe 12 Disemba akaruka ukuta. Makaburu wakatangaza zawadi ya paundi 25 kwa atakayemrudisha. Alijificha ndani ya mgodi wa makaa ya mawe karibu na Witbank, akisaidiwa na meneja Mwingereza aliyeitwa John Howard, kisha akavuka kwa garimoshi mpaka Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo. Aliposhuka Durban kabla ya Krismasi alikuwa amekuwa shujaa.

Akarudi vitani. Baada ya mapigano ya Doornkop, Hamilton alikuwa na ujumbe wa kumfikishia mkuu wake, Lord Roberts, na katikati ulikuwapo mji wa Johannesburg ambao Makaburu walikuwa bado wanautoka. Churchill akavaa nguo za kiraia, akapanda baiskeli, akaukata mji pamoja na Mfaransa mmoja aliyezijua njia. Angekamatwa bila ya gwanda pengine angepigwa risasi kama jasusi. Tarehe 31 Mei mji ulisalimu amri.

Kisa kizuri, ama sivyo? Sasa angalieni kwa nini tunakijua. Churchill alikiandika. Alikiandika gazetini, akakiandika kitabuni, na miaka mia moja baadaye wapo kina Holmes wa kukisoma na kukitembelea. Howard wa mgodini tunamjua kwa sababu Churchill alimtaja. Wachimbaji weusi wa mgodi uleule, ambao jasho lao ndilo lililouendesha, hatuna hata jina moja la kulitaja katika kisa hiki.

Jumba la Saxonwold

Mtaa wa Saxonwold, jirani na bustani ya wanyama, lipo jumba la makumbusho ya kijeshi ya taifa. Jan Smuts mwenyewe alilifungua Agosti 1947. Familia yenye watoto itafurahi: kuna vifaru, mizinga, Spitfire, Mosquito, na ndege ya Kijerumani ya injini za jeti, Messerschmitt 262 ya viti viwili iliyotengenezwa kuwinda ndege usiku, ambayo ni adimu kabisa duniani.

Mimi nilichokaa nacho zaidi ni mnara ulio nje. Ni upinde mkubwa wa mawe na malaika wa amani juu yake, uliochorwa na Mwingereza Edwin Lutyens. Jiwe la msingi liliwekwa 1910. Ulijengwa kwa ajili ya askari wa upande wa Waingereza waliokufa katika vita vya Makaburu. Mwaka 1999, miaka mia moja tangu vita vianze, ulizinduliwa upya kuwakumbuka wote waliokufa katika vita vile, wanaume, wanawake na watoto, wa kila rangi.

Mabadiliko hayo yana hesabu nzito nyuma yake. Waingereza walichoma mashamba ya Makaburu na kuwakusanya wanawake na watoto kambini. Moja ya kambi hizo ilikuwa hapa hapa Johannesburg, kwenye uwanja wa mashindano ya farasi wa Turffontein. Katika kambi zote walikufa Makaburu karibu 28,000, wengi wao watoto. Waafrika nao walikuwa na kambi zao, na waliohesabiwa kufa humo wanazidi 14,000. Wataalamu wanaamini idadi ya kweli ni kubwa zaidi, kwa sababu hakuna aliyejali kuandika sawasawa. Hapo ndipo jawabu la swali la dereva wangu lilipo. Watu weusi walikuwapo: wakiendesha mikokoteni, wakipeleka habari, wakizikwa. Kilichokosekana ni kalamu.

Na sisi tulikuwapo

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa vita vya kwanza vya dunia. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga bandari ya Unguja, ikaizamisha. Makaburi ya mabaharia wake yapo Chapwani, kile kisiwa tunachokiona kutoka Forodhani. Königsberg ikajificha delta ya Rufiji mpaka ilipomalizwa Julai 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga yake wakaikokota bara. Mmoja leo uko Ngome ya Mombasa. Mwengine uko Pretoria, mbele ya majengo ya serikali, saa moja tu kwa gari kutoka hapa nilipo.

Nani aliikokota mizinga hiyo? Mapema 1916 Smuts, huyu huyu wa jumba la Saxonwold, alikuja Afrika Mashariki kuongoza jeshi la Waingereza, na maelfu ya askari kutoka Afrika Kusini. Malaria na ndorobo viliwaangamiza wao na farasi wao. Mzigo ukabebwa na vichwa vya watu wetu: Wanyamwezi, Wakikuyu, Waswahili wa pwani, watu wa Unguja pia. Hesabu za serikali yenyewe ya Kiingereza zinasema wapagazi waliokufa walizidi 40,000, na wengi hawakufa kwa risasi bali kwa njaa, kuhara na kuchoka. Kariakoo ya Dar es Salaam, ambayo leo tunaijua kwa biashara, jina lake limetoka kwenye kikosi hicho cha wapagazi. Nairobi ina Kariokor yake. Sanamu za askari zilizosimamishwa Dar es Salaam na Nairobi miaka ya 1920 zina maandishi mpaka kwa herufi za Kiarabu, ili wazee wetu wa wakati huo waweze kusoma. Lakini jina la mtu mmoja halipo.

Au chukua vita vya Unguja vya tarehe 27 Agosti 1896. Katika mashindano ya maswali kote duniani huulizwa: vita vipi vilikuwa vifupi kuliko vyote? Watu wanacheka: dakika thelathini na nane, wengine wanasema arubaini na tano. Katika dakika hizo, kwenye Jumba la Sayyid Khalid bin Barghash, waliuawa au kujeruhiwa watu wapatao 500. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja. Kwa anayehesabu dakika ni kichekesho. Kwa aliyekuwa ndani ya jumba lile na mizinga ya manowari inaanguka, hazikuwa dakika za kuchekesha, na baadhi ya watu hao ni jamaa za wasomaji wa ukurasa huu.

Hata karibu zaidi: Mirbat, Dhofari, tarehe 19 Julai 1972. Vitabu vya Kiingereza juu ya siku hiyo ni vingi, na karibu vyote vinawahusu askari tisa wa SAS. Ushujaa wao haukataliki, na Labalaba, mtu wa Fiji aliyeufyatua mzinga mpaka akafa, anastahili kila sifa. Lakini pale kwenye mzinga alikuwapo pia mpiga mzinga wa Kiomani, Walid Khamis, aliyejeruhiwa vibaya. Walikuwapo askari wa Kiomani ngomeni. Kwa Kiswahili nimesoma nini juu yao? Hakuna.

Holmes hakumaliza kila kitu

Sitaki tumpambe kupita kiasi. Mwaka 2004 kikosi alichokuwa kanali wake wa heshima kilikuwa Iraq, mji wa al-Amara, na vita vilikuwa vikali. Holmes aliwatembelea, akaandika kitabu, Dusty Warriors, kilichotoka 2006. Ndani yake wamo vijana wenyewe wanasema kwa maneno yao, akiwemo Johnson Beharry, mzaliwa wa Grenada aliyepata nishani ya juu kabisa ya Uingereza. Ni kitabu cha kweli kwa wale vijana. Lakini ni hadithi ya kikosi. Watu wa al-Amara, ambao mji ni wao, wako pembeni. Mtu wa Ghuba akisoma ataliona hilo haraka.

Kwa mtazamo wangu, hilo si la kumlaumu sana. Kila mwanahistoria huanza na watu wake. Lawama, kama ipo, ni kwa wanaosubiri mgeni aje kuwaandikia.

Na yapo mawili tunayoweza kuyachukua kwake. La kwanza ni kwamba askari wa chini ana thamani ya kuandikwa sawa na jemadari. La pili ni tahadhari. Katika Tommy, Holmes anategemea zaidi barua na shajara zilizoandikwa wakati uleule wa vita, na anaonya kuwa mkongwe anayehojiwa miaka sitini baadaye aghalabu hukumbuka kile ambacho dunia inatarajia akikumbuke. Ameshaona filamu, ameshasikia wenzake, hadithi imesuguliwa ikang'aa. Si kwamba anasema uongo. Ndivyo akili ya mwanaadamu ilivyo. Kwa hiyo anza na karatasi, kisha sikiliza sauti, kisha linganisha.

Tufanye nini majumbani

Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya. Alichotuachia ni picha moja na nyota ya shaba yenye utepe. Kwa muda mrefu nyumbani tuliiita "medali ya babu", basi. Kumbe nyota zenyewe zinasema: iliyoandikwa Burma ilitolewa kwa waliotumikia huko, iliyoandikwa Afrika kwa waliokuwa katika medani za vita za Afrika. Yake ni ya Burma, ambako Keya walikwenda kupigana 1944, msimu wa mvua, katika bonde la Kabaw. Neno moja kwenye chuma limetupa nchi, mwaka, na adui. Ami yangu aliye Seeb naye ana medali ya as-Sumud, ya Dhofari. Yeye, alhamdulillahi, yupo, na bado anakumbuka, japo siku nyengine anachanganya majina ya watoto wake.

Kwa hiyo hii ndiyo kazi, na haihitaji uprofesa:

Kwanza, fungueni masanduku. Kitambulisho, kitabu cha malipo, barua, bahasha yenye muhuri wa posta, picha yenye maandishi nyuma. Pigeni picha pande zote mbili. Barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu msiitupe kwa sababu vijana hawawezi kuisoma, wapo wanaoweza.

Pili, muulizeni mzee mambo madogo. Ukimwambia "Babu, tuhadithie vita," atakupa hotuba. Muulize walikula nini asubuhi. Walisali vipi wakiwa safarini, na Ramadhani ilikuwaje. Ofisa alikuwa anawaita kwa jina gani. Mshahara ulikuwa kiasi gani na nani nyumbani alikuwa anaupokea.

Tatu, msimsahau bibi. Aliyebaki na watoto miezi kumi na minane bila barua naye alikuwa vitani kwa namna yake, na hakuna mnara uliojengwa kwa ajili yake.

Nne, mkipata safari, pelekeni watoto mahali penyewe. Mkenda Unguja kupumzika, vukeni Chapwani. Mkenda Mombasa, ule mzinga wa Ngome waonyesheni, waelezeni ulitoka meli gani. Mkishuka Salala wakati wa kharifu, Mirbat si mbali. Simameni mbele ya ngome, tazameni mbuga mpaka mlimani.

Tano, rekodini sauti kwa simu, mtaje mwanzoni jina la mzee, jina la babake, tarehe na mahali. Wekeni nakala mbili kwa watu wawili tofauti. Na kama mzee hataki kusema, mwacheni. Mengine aliyoyaona ni mazito, na heshima yake inakuja kabla ya udadisi wetu.

Mkiwa hamjui pa kuanzia, Ijumaa hii baada ya chakula muulizeni mzee wenu juu ya viatu. Keya wa vita vya kwanza wengi walitembea pekupeku. Waliokuja baadaye walipewa buti. Muulize yeye alipewa vya aina gani, vilimtosha au vilimbana, na alivivaa kwenda wapi. Kisha nyamazeni, mumsikilize.